Mitambo Mizima, Sauti Mbovu: Viwango vya Ishara Katika Kuunganisha Vikuza Sauti

Mnamo Aprili 2019 wakazi wa pwani ya Mtwara walitahadharishwa kwamba kimbunga kilichopewa jina la Kenneth kilikuwa kinakaribia. Tarehe 25 ya mwezi huo kimbunga hicho kiliingia nchi kavu kusini mwa mto Ruvuma, katika mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, kikaleta maafa makubwa huko. Safari hiyo pwani ya kusini ya Tanzania ilinusurika. Haikunusurika Aprili 1952, kimbunga kilipopiga Lindi na kuua watu.

Siku kama hizo, mtambo wa kupaza sauti ulioko msikitini, kanisani, shuleni au juu ya gari la matangazo si pambo. Tuseme mtangazaji anasema upepo mkali utafika saa sita, na msikilizaji aliye mbali anasikia saa tisa. Kosa hilo dogo linatosha mashua kuondoka Msimbati ikakutwa baharini. Maneno sita na tisa yana irabu zilezile, kwa mpangilio uleule. Yanatofautishwa na mahali pa s na t tu. Nazo konsonanti hizo zina nguvu ndogo kuliko irabu, kwa hiyo ndizo za kwanza kufunikwa na kelele.

Hali ifuatayo ni ya kawaida katika vijiji vya pwani, toka Mikindani na Msangamkuu hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma. Panatakiwa sauti kubwa kuliko siku zote, na mtambo uliopo ni mdogo. Mtambo wa pili unaazimwa kwa wapiga muziki wa harusi, na viwili hivyo vinaunganishwa. Sauti inatoka, lakini inakwaruza kama bati linaloburutwa. Ama inatoka hafifu, imezama katika kelele. Kila mtambo ukijaribiwa peke yake, ni mzima. Hapo lawama huangukia spika, au waya, au fundi, na pengine mtambo hupelekwa mjini kufunguliwa bure. Ukweli ni kwamba ugonjwa haumo ndani ya mtambo wowote. Umo pale mitambo inapokutana.

Jina moja, vyombo vitatu

Katika usemi wa kila siku neno kipaza sauti hutumika kwa vyombo vitatu tofauti. Huitwa hivyo chombo ambacho msemaji hushika mkononi. Huitwa hivyo kasha lenye vidhibiti na taa. Na huitwa hivyo tarumbeta iliyotundikwa juu ya mnara. Katika makala hii chombo cha kwanza kitaitwa maikrofoni, cha pili kikuza sauti, ambacho mafundi hukiita amplifaya, na cha tatu spika.

Kazi ya maikrofoni ni kugeuza mtetemo wa hewa kuwa mtetemo wa umeme. Mtetemo huo wa umeme ndio ishara. Kazi ya kikuza sauti ni kuikuza ishara bila kubadili umbo lake, na kazi ya spika ni kuirudisha kuwa mtetemo wa hewa. Ukubwa wa ishara, unaopimwa kwa volti, ndio unaoitwa kiwango cha ishara.

Ngazi za viwango

Maikrofoni ya kawaida yenye koili hutoa milivolti chache tu mtu asemapo karibu nayo; tuchukue 2. Redio, simu na vinasa sauti vya nyumbani hutengenezwa kwa kiwango cha kawaida cha volti 0.3 hivi, ingawa simu nyingi zaweza kufika karibu na volti 1. Mikisa za kitaalamu, zitumikazo na bendi na vituo vya redio, hutoa volti 1.23. Kikuza sauti cha wati 100 kikiendesha spika ya omu 8 hutoa volti 28. Na mitambo ya matangazo yenye tarumbeta nyingi hutumia njia ya volti 100.

Toka milivolti 2 za maikrofoni hadi volti 28 za spika ni mara 14,000. Kwa kuwa namba hizo ni ndefu, wahandisi wa simu nchini Marekani walibuni katika miaka ya 1920 kipimo cha desibeli, kilichopewa jina la Alexander Graham Bell. Kila volti ikizidishwa mara 10, desibeli huongezeka 20. Ikizidishwa mara 2, huongezeka 6 hivi. Kwa hesabu hiyo, umbali kati ya maikrofoni na spika ni desibeli 83. Katika kazi hiyo ya simu ndimo kilimotoka pia kiwango cha volti 0.775, ambacho bado kimo katika vitabu vya mafundi: ni volti iletayo milliwati 1 katika ukinzani wa omu 600.

Basi matundu yaliyo nyuma ya kikuza sauti hayafanani, hata kama plagi moja huingia katika yote. Tundu lenye maandishi MIC hungoja milivolti. Lenye maandishi LINE au AUX hungoja sehemu ya volti, au volti moja na ushei. Umbo la plagi halisemi lolote juu ya kiwango. Makosa mengi huanzia hapo.

Kiwango kikiwa kidogo mno

Tuseme maikrofoni imechomekwa katika tundu la LINE. Tundu lilitazamia volti 0.775, limepata 0.002. Msemaji hasikiki, na fundi huzungusha kidhibiti hadi mwisho. Sauti sasa yasikika, lakini pamoja nayo huja kelele ya "shhh" kama mafuta katika kikaango.

Kelele hiyo haikuingia kwa bahati mbaya. Kila rezista na kila transista hutoa mtetemo mdogo wa umeme kwa sababu ya mwendo wa elektroni ndani yake, na mtetemo huo hauwezi kuondolewa kabisa. Ishara ikiwa ya kiwango kinachotakiwa, huwa juu sana ya kelele hiyo, kama mtu aliyesimama juu ya kilima. Ishara ikiwa ndogo, huwa karibu sawa nayo. Kikuza sauti hakina akili ya kubagua. Hukuza yote mawili kwa kadiri moja. Ndiyo maana kuongeza kidhibiti hakuwezi kamwe kurudisha kilichopotea mwanzoni mwa njia. Hapo ndipo sita na tisa zinapoanza kufanana.

Kiwango kikiwa kikubwa mno

Kosa la upande wa pili ni kali zaidi. Fundi hana tundu jingine la kutolea ishara katika kikuza sauti kidogo, kwa hiyo anatoa waya katika skurubu za spika na kuupeleka katika tundu la AUX la kikuza sauti kikubwa. Tundu linalongoja volti 0.3 linapokea 28, yaani zaidi ya mara 90.

Transista ya kwanza haina nafasi ya kupitisha wimbi la ukubwa huo, kwani haiwezi kutoa volti nyingi kuliko zile inazolishwa. Vilele vya wimbi hukatwa, na wimbi lililokuwa na mgongo wa mviringo hubaki na mgongo bapa. Sikio husikia umbo hilo kama mkwaruzo. Fundi hushusha kidhibiti, lakini mkwaruzo unabaki, sasa kwa sauti ndogo. Sababu ni kwamba katika vikuza sauti vingi kidhibiti kipo nyuma ya transista ya kwanza: wimbi limekwisha kukatwa kabla ya kukifikia. Hii ni alama nzuri ya utambuzi. Sauti ikikwaruza hata ikiwa imeshushwa, ishara imezidi mwanzoni mwa njia. Ikikwaruza inapopandishwa tu, huenda kikuza sauti chenyewe kimefika mwisho wa nguvu zake.

Madhara hayaishii katika masikio. Kikuza sauti cha wati 100 katika omu 8 hufika kilele cha volti 40 wimbi likiwa la mviringo. Likikatwa sana hadi kuwa la mraba, volti hukaa katika 40 karibu muda wote. Nguvu ni volti mara volti, ikagawanywa kwa ukinzani: 40 × 40 ÷ 8, yaani wati 200. Spika iliyonunuliwa kwa wati 100 hupokea maradufu, koili yake hupata joto, gundi hulegea, na waya mwembamba hukatika. Spika ndogo za sauti nyembamba ndizo hufa kwanza, kwa kuwa wimbi lililokatwa lina mitetemo mingi ya juu kuliko lile la asili. Watu husema spika ilikuwa dhaifu. Kumbe ilipewa kazi ambayo haikuandikiwa.

Dawa ya rezista mbili

Njia bora ni kutoa ishara katika tundu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, lenye maandishi LINE OUT au REC OUT, kama lipo. Lisipokuwepo, kiwango hushushwa kwa rezista mbili zilizopangwa mfululizo, jambo ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu amekwisha kulisoma katika somo la umeme.

Ishara ya spika hupitishwa katika rezista ya omu 10,000, kisha katika ya omu 330 iliyoungwa na upande wa ardhi. Ishara mpya huchukuliwa katika ncha mbili za ile ya 330. Sehemu inayobaki ni 330 ÷ 10,330, yaani 0.032 hivi, na volti 28 huwa 0.9. Kiwango hicho hupokelewa bila taabu na tundu la LINE la kitaalamu; kwa tundu la nyumbani, sauti ya kikuza sauti cha kwanza ipunguzwe. Joto katika rezista kubwa halifiki hata wati 0.1, kwa hiyo rezista za kawaida za robo wati zatosha.

Tofauti kati ya mikisa ya kitaalamu na kikuza sauti cha nyumbani ni ndogo zaidi: 1.23 kwa 0.3, desibeli 12 hivi. Hapo rezista za omu 10,000 na 3,300 hufaa, nazo huacha robo ya ishara. Sharti ni moja: ukinzani wa tundu linalopokea uwe angalau mara 10 ya rezista ndogo, la sivyo tundu lenyewe hunywa sehemu ya ishara na hesabu huharibika. Kanuni hiyo hufuatwa katika kuunganisha vyombo vyote vya sauti: chombo kinachotoa kiwe na ukinzani mdogo, kinachopokea kiwe na ukinzani mkubwa.

Kwa upande mwingine, rezista haziwezi kukuza. Ishara ya maikrofoni iliyo ndogo mno kwa tundu la LINE haina dawa ila mikisa au kikuza sauti cha awali.

Tahadhari juu ya vyombo vya betri

Katika mashua, katika magari ya matangazo, na katika vijiji vinavyotumia umeme wa jua, vikuza sauti vingi huendeshwa kwa betri ya volti 12. Hapa pana mtego.

Kikuza sauti cha kawaida kwenye volti 12 chaweza kuyumba volti 6 juu na volti 6 chini, ambayo ni wastani wa volti 4.2, na katika spika ya omu 8 hutoa wati 2.25 tu. Ili kuongeza nguvu, watengenezaji hutumia vikuza sauti viwili ndani ya kasha moja, kimoja kwa kila ncha ya spika: kimoja kikipanda, kingine hushuka. Volti huwa maradufu, na nguvu huwa mara nne, yaani wati 9. Hesabu hiyo yafaa ikumbukwe mtu auziwapo redio ya gari iliyoandikwa mamia ya wati. Bila kigeuzi cha kupandisha volti ndani yake, betri ya volti 12 haiwezi kutoa nguvu hizo.

Katika mpango huo hakuna ncha ya spika iliyo ardhi. Zote mbili zina umeme. Fundi akiunga ncha yenye alama ya kutoa na ardhi ya kikuza sauti kingine, ameunga tundu hilo moja kwa moja na chesi, na transista za kutolea zaweza kuungua mara moja. Kwa vyombo vya aina hii, ni lazima kuweka transfoma ndogo ya sauti kati ya vyombo viwili, ili ishara ivuke kwa usumaku bila waya kugusana. Vilevile haifai kamwe kuunga matundu ya kutolea ya vikuza sauti viwili katika spika moja. Kila kimoja hukiona kingine kama waya uliogusana.

Tarumbeta za volti 100

Kisa kingine hutokea katika tarumbeta za minara na viwanja. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba ukienda mita 100 na kurudi, una ukinzani wa omu 3.4 hivi. Ukilisha spika ya omu 8, karibu theluthi moja ya volti huishia njiani. Kwa hiyo kikuza sauti cha matangazo huipandisha ishara hadi volti 100, na kila tarumbeta huwa na transfoma yake ya kuishusha. Ni hekima ileile itumikayo kusafirisha umeme toka mtambo wa kuzalishia hadi majumbani.

Tarumbeta ya wati 10 katika njia ya volti 100 huonekana kama ukinzani wa omu 1,000. Ikiungwa katika tundu la omu 8 la kikuza sauti cha wati 50, ambalo hutoa volti 20, hupata wati 0.4 tu. Sauti huwa hafifu, na fundi hudhani tarumbeta imekufa. Kinyume chake ni hatari: spika ya omu 8 isiyo na transfoma ikiungwa katika volti 100, hudai wati 1,250. Kitakachoungua kwanza ni spika au kikuza sauti, kimojawapo.

Namna ya kutafuta kosa

Mtafutaji mzuri hafungui kasha kwanza. Hufuata ishara toka inakoanzia hadi inakoishia, hatua moja baada ya moja.

1. Kila chombo kijaribiwe peke yake. Vyote vikiwa vizima, kosa limo katika maungano.

2. Viungo vya waya vitazamwe. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hula shaba hadi ikawa ya kijani. Kiungo kilicholiwa hupoteza ishara na kuiga dalili za kiwango kidogo. Sauti ikibadilika waya unapotikiswa, dawa ni kusafisha au kubadili plagi.

3. Vidhibiti vyote vishushwe. Kisha chombo cha kwanza kipandishwe hadi taa yake nyekundu iwake kwa nadra sana, nacho kirudishwe chini kidogo. Ndipo cha pili kipandishwe, na cha mwisho kabisa kiwe kile kinachoendesha spika. Anayeanza na cha mwisho hujitafutia kelele.

4. Kelele ya "shhh" ikiwa kubwa, ishara ni ndogo mno mahali fulani. Mkwaruzo usioondoka sauti inaposhushwa, ishara ni kubwa mno.

5. Mvumo mzito usiobadilika una asili ya umeme wa nyumbani, unaotetema mara 50 kwa sekunde. Mara nyingi huletwa na vyombo viwili vyenye nyaya mbili za ardhi, zinazofanya duara. Viungwe katika soketi ya mahali pamoja, au iwekwe transfoma ya sauti katikati. Waya wa ardhi wa plagi usikatwe kamwe, kwani huo ndio unaolinda uhai wa mshika maikrofoni.

6. Volti ipimwe. Multimita za bei nafuu hukosea katika mitetemo ya juu, na muziki huzichanganya. Itumike sauti moja tulivu ya mitetemo 400 kwa sekunde, ambayo simu yaweza kuitoa, na multimita iwekwe katika volti za umeme geu.

Jaribio la darasani

Vifaa: simu yenye tundu la visikizi, multimita, rezista ya omu 10,000 na ya omu 3,300, na redio ya betri yenye tundu la AUX.

Simu itoe mtetemo wa 400. Wanafunzi wapime volti katika ncha za waya wa simu, kisha katika ncha za rezista ya 3,300 baada ya kuziunga zote mbili mfululizo. Wagawanye kipimo cha pili kwa cha kwanza na kulinganisha na hesabu ya 3,300 ÷ 13,300. Halafu ishara ipelekwe katika redio, mara kwa njia ya rezista na mara bila rezista, huku simu ikipandishwa polepole. Wasikilize ni wapi mkwaruzo unaanza katika kila hali, na waandike volti ya mahali hapo. Mwishowe mwanafunzi mmoja arekodi orodha ya saa, zikiwamo sita na tisa, ichezwe kwa viwango mbalimbali, na wenzake walio upande wa pili wa uwanja waandike wanachosikia.

Nahodha anayeingia mlango wa Ruvuma, mahali maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari, hategemei uzima wa mashua yake peke yake. Hujua kama ni bamvu au maji mafu, na hupima kina kwa upondo au kwa bildi, ile kamba yenye risasi, kabla ya kuvuka mafungu ya mchanga. Mashua nzima hupanda fungu kwa sababu nahodha alikisia. Vikuza sauti navyo ni hivyo: mahali pa kukutana ndipo pa kupimwa, na multimita ndiyo bildi ya fundi. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na hufaa ifanywe siku ya utulivu, kabla ya siku ambayo kijiji kizima kitahitaji kujua kama ni saa sita au saa tisa.

Maswali ya kujipima

1. Kikuza sauti cha wati 50 kinaendesha spika ya omu 8. Volti yake ni ngapi?

2. Ishara hiyo ikipitishwa katika rezista za omu 22,000 na 1,000, itabaki volti ngapi katika rezista ndogo?

3. Kwa nini kushusha kidhibiti hakuondoi mkwaruzo unaotokea katika transista ya kwanza?

Majibu: (1) Volti 20. (2) Volti 0.87. (3) Kwa sababu wimbi limekwisha kukatwa kabla ya kufika katika kidhibiti.